Muhuri Wangu Simgongei Kila Mpita Njia

Ukiandika blogu ya Kiswahili ukiwa Uganda, msomaji wako mwaminifu kuliko wote ni Illuminati. Hachoki na hachagui. Andika kuhusu bei ya mahindi Busia, atakuja. Andika kuhusu msiba, atakuja pia, na salamu zake ni zilezile: jiunge leo upate gari, nyumba na jina, tuko Kampala, piga namba hii inayoanza na +256. Nyuma yake huja mganga anayerudisha mume kwa siku tatu, bwana mkopo asiyetaka dhamana, na mtu wa kamari. Mimi naishi Kireka, hapo tu kwenye barabara ya Jinja, na kwa wingi wa maoni yao ningetarajia kuwakuta wamepanga nyumba mtaa mzima.

Blogu yenyewe ni ndogo. Inahusu biashara ya mpakani: malori ya Malaba, bei za Busia, karatasi za forodha, na mara mojamoja chakula, kwa sababu mtu hawezi kuandika forodha mwaka mzima bila kuugua. Wasomaji wako Kampala, Jinja na Bombo, wengine ng'ambo ya mpaka huko Bungoma na Eldoret, wachache Bukoba na Goma. Kwa ajili yao niliacha sehemu ya maoni wazi, na wao huleta viungo vya maana, yaani linki, anwani za kurasa nyingine za mtandaoni. Mmoja ataleta ukurasa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, uliobadilishwa jana. Mwingine ataleta orodha ya bidhaa zinazoruhusiwa kupita kwa ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupewa cheti cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Kiungo cha namna hiyo kinamwokolea mama wa nyanya siku nzima ya kuzungushwa.

Kwa hiyo viungo vyote siwezi kuvikataa, na vyote siwezi kuvikubali. Waandishi wenzangu wengi hulimaliza suala hili kwa kuiachia programu iamue, kisha wanalisahau. Mimi nimelifikiria kupita kiasi pengine, lakini naona lina uzito kwetu sisi wa lugha yenye kurasa chache kuliko kwa Mmarekani mwenye kurasa milioni za kuchagua.

Roboti, yaani programu inayotuma maoni taka, haiji kwako kwa sababu inakupenda. Inatafuta kiungo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kupima umuhimu wa ukurasa kwa kuangalia ni kurasa zipi nyingine zinauelekezea viungo. Ukurasa unaoelekezewa na wengi hupanda, na anayekuelekeza akiwa mwenyewe anaheshimika, neno lake lina uzito zaidi. Waliita njia hiyo PageRank, na juu yake ikajengwa Google.

Sisi hapa hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia hilo. Ukitaka kufungua akaunti ya benki, mara nyingi utaambiwa lete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anaandika kwamba anakufahamu, wewe ni mkazi wake, anagonga muhuri, na karani wa mjini ambaye hajawahi kukuona anakupokea kwa sababu ya ule wino. Kiungo ni barua ya namna hiyo. Ndiyo maana sehemu ya maoni isiyolindwa ni ofisi ya LC1 iliyoachwa mlango wazi, muhuri uko mezani, na mwenyekiti amekwenda kula. Kila mpita njia anajigongea mwenyewe, na barua zote zinatoka kwa jina lako.

Ndivyo hali ilivyokuwa kwenye blogu za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wauza dawa na wenye kasino za mtandaoni waligundua kwamba hawahitaji kumshawishi mwandishi awataje. Wanaweza kujitaja wenyewe chini ya makala yake, mara elfu kwa usiku mmoja, kwa programu isiyolala. Tarehe 18 Januari 2005 Google wakatangaza dawa yao. Ndani ya kodi ya HTML, yaani maandishi ya kompyuta yanayojenga ukurasa, kila kiungo kinaweza kubeba sifa iitwayo rel, inayoeleza uhusiano kati ya ukurasa wako na ule unaouelekezea. Matt Cutts wa Google na Jason Shellen wa Blogger, huduma ya blogu ya Google, walibuni thamani mpya ya sifa hiyo: rel="nofollow". Mtambo wa utafutaji ukiiona, usikihesabu kiungo hicho kama ushahidi wa mwenye ukurasa. Yahoo na MSN wakakubali kuiheshimu, watengenezaji wa programu za blogu nao wakaingia, na WordPress toleo la 1.5, lililotoka mwezi uliofuata, likaanza kuiweka yenyewe kwenye viungo vya wasomaji.

Kwa maneno ya mwenyekiti wetu: mtu huyu alipita ofisini, jina lake limo daftarini, lakini muhuri sikumpa.

Wazo ni zuri na bado nalitetea. Lakini tangu siku ya kwanza lilibebeshwa kazi isiyo yake. Watu walidhani taka zitaisha, kwa hesabu kwamba mtumaji akijua kiungo chake hakina faida ataacha kutuma. Hazikuisha. Mwaka uleule wa 2005, mwezi Oktoba, ikabidi izaliwe Akismet, huduma ya kuchuja maoni taka, na wenye blogu wakaishukuru kama mvua. Sababu si ngumu kuiona. Kutuma maoni milioni kwa programu ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuangalia kama blogu ya fulani ina nofollow au haina. Mwizi anayejaribu vitasa vya mtaa mzima hasomi vibao vya mlangoni.

Halafu kuna yule wetu wa +256. Huyu nofollow haimgusi hata kidogo, kwa sababu yeye hatafuti PageRank. Anatafuta mtu. Mara nyingi haachi kiungo chochote. Anaacha namba ya WhatsApp katikati ya ushuhuda mrefu wa mtu aliyekuwa maskini akawa tajiri. Namba ya simu si kiungo, haina rel, haina chochote cha kuwekewa alama. Ushauri wote wa Kiingereza unaousoma kuhusu maoni taka uliandikwa kwa kumfikiria muuza viungo wa Ulaya, ambaye shabaha yake ni roboti ya Google. Shabaha ya wa kwetu ni kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, anayesoma makala yangu saa nane usiku. Dhidi ya huyo hakuna sifa ya HTML. Kuna kusoma maoni ya kila mgeni kabla hayajatoka, na orodha ya maneno. Kwenye mipangilio ya WordPress kuna sehemu ya kuandika maneno ambayo yakionekana, maoni yanakwenda moja kwa moja kwenye pipa. Yangu ina majina ya vyama vya siri, pete za bahati, na mwanzo wa namba kadhaa. Imenisaidia kuliko nofollow zote zilizowahi kuandikwa.

Jambo jingine linalosahaulika: nofollow ni ujumbe kwa roboti ya Google, si kwa msomaji. Msomaji akibonyeza, anakwenda. Na msomaji wangu anakwenda kwa bando lake. Watu wa hapa wanakumbuka ule ushuru wa Julai 2018, shilingi 200 kwa siku ili tu ufungue mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ukaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mtu aliyelipia kila megabaiti namna hiyo akipelekwa kwenye ukurasa uliojaa video zinazojicheza zenyewe, haimsaidii kujua kwamba mimi niliiambia Google isiuhesabu. Ndiyo maana viungo vilivyofupishwa, vile ambavyo huwezi kuona vinaishia wapi, sivipitishi, hata vikiletwa na rafiki. Namwandikia arudishe anwani kamili. Wengine hununa.

Kulikuwa na kipindi waandishi wengi duniani waliikataa nofollow kwa sababu ya heshima. Walisema: msomaji wangu ametumia muda wake kuandika maoni ya maana, mimi namlipa kwa kumtilia shaka? Kati ya 2006 na 2007 vuguvugu hilo lilishika moto. Kukawa na programu-jalizi za kuiondoa nofollow, na beji za kubandika pembeni ya ukurasa kutangaza kwamba hapa viungo vya wasomaji vinahesabiwa. Hoja yao naielewa na nusu yake naikubali. Ila beji ile ilikuwa mwaliko kwa watu wasiohusika. Zikatokea orodha za blogu zisizo na nofollow, orodha zikaanza kuuzwa, na maoni ya "asante kwa makala nzuri, endelea hivyo" yakafurika kutoka kwa watu ambao majina yao yalikuwa Mikopo Nafuu na Viatu vya Harusi.

Orodha hizo hazijafa. Kijana mmoja mwenye duka la kompyuta Wandegeya, mtu mwerevu kweli, alinikalisha kitako akanieleza biashara.

"Bosi, domeni yako ina umri. Watu wanalipa kwa linki za dofollow. Wewe legeza tu sehemu ya maoni, wateja nitaleta mimi."

Nikamuuliza hao wateja watasoma nini kwangu, maana naandika forodha.

"Hawasomi, bosi. Hawa si wasomaji."

Alisema bila aibu, na kwa kweli alikuwa mkweli kuliko wengi. Nilichomjibu ni kwamba kwenye HTML hakuna kitu kinachoitwa dofollow. Kiungo kisicho na alama ndicho kiungo cha kawaida, na anachouza yeye ni ukosefu wa alama, yaani muhuri wangu. Akacheka, akasema basi auze huo. Tukanywa chai tukaachana kwa amani. Naye hakuwa amefuatilia habari za Aprili 2012, pale Google walipotoa badiliko walilolipa jina la Penguin, lililowashusha watu waliojijengea cheo kwa viungo vya hila. Baada ya hapo wenye blogu walianza kupokea barua za ajabu: makampuni yaliyolipa ili viungo vyao vipandwe kwenye maoni sasa yanaomba, tafadhali sana, viondolewe. Oktoba mwaka huohuo Google ikabidi itoe kifaa cha kukana viungo.

Upande wa pili walikuwepo wachoyo. Baadhi ya wenye tovuti walianza kuweka nofollow kila mahali, hata kwenye viungo vya kurasa zao wenyewe, wakidhani wanahifadhi nguvu isimwagike nje. Mwaka 2009 Matt Cutts akaeleza kwamba nguvu hiyo haihifadhiki. Sehemu ya kiungo chenye nofollow hupotea tu, haigawiwi kwa viungo vingine. Bado nawaona watu wanaofanya hivyo hadi leo.

Mpangilio tulio nao sasa ulitangazwa Septemba 2019. Google waliongeza thamani mbili: ugc, kwa viungo vilivyoandikwa na wasomaji wenyewe, na sponsored, kwa viungo vilivyolipiwa. Nofollow ikabaki kwa hali nyinginezo. Na zote tatu zikageuka kuwa dokezo badala ya amri: Google wanaweza kuzingatia unachosema, wanaweza pia kuamua vingine kwa kuangalia mambo mengine. Kwa upande wa kutambaa kwenye kurasa na kuziorodhesha, hilo lilianza Machi 1, 2020. WordPress 5.3, iliyotoka Novemba 2019, ikaongeza ugc kwenye maoni. Ukitazama kodi ya blogu yangu utakuta kiungo kilichomo ndani ya maoni ya msomaji kimeandikwa rel="nofollow ugc", na hata anwani iliyoandikwa kavukavu bila kodi yoyote, programu huigeuza kiungo na kuibandika alama. Sigusi hapo. Mtu aliyeko Kireka na umeme unaokatika hana sababu ya kupigana na mpangilio unaofanya kazi.

Kuna sentensi moja katika maelekezo ya Google ambayo wengi hawaifikii: ukitaka kumtambua mchangiaji mwaminifu, ambaye kwa muda mrefu ameleta viungo bora, unaweza kumwondolea alama ya ugc. Yaani wenyewe walijua kwamba kuwatia wageni wote katika kapu moja si haki.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "acha programu ifanye kazi yake" kisha wanalala. Tazama hali ya Kiswahili mtandaoni. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa mabango na hotuba. Lakini mtu akitafuta kwa Kiswahili jinsi ya kuvusha ndizi Mutukula, au namna Wanubi wa Bombo wanavyofuturu, anapata nini? Kurasa zipo, chache, zimetawanyika, na hakuna anayezielekezea. Mwandishi wa Bukoba hamjui mwandishi wa Bungoma. Tunachosomana ni kupitia maoni na makundi ya WhatsApp. Viungo kwenye mitandao ya kijamii kwa kawaida vina nofollow. Wikipedia ya Kiingereza iliweka nofollow kwenye viungo vyote vya nje Januari 2007, na MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia za lugha zote, huja na mpangilio huo ukiwa umewashwa tayari. Kwa Mwingereza hilo si pigo. Ana magazeti, vyuo, na maelfu ya watu wa kumtolea ushahidi kwingineko. Kwa sisi, ukiondoa maoni na mitandao, karibu hakuna kilichobaki. Sote tumo daftarini, na hakuna hata mmoja aliyegongewa muhuri.

Mzee mmoja wa Bombo ndiye aliyenilazimisha kuwa na msimamo. Alikuwa ameacha maoni chini ya makala yangu ya chakula, marefu, ya mtu anayejua, akanisahihisha kuhusu kisra, mkate mwembamba wa Wanubi, akaweka kiungo cha ukurasa wake ambako anakusanya mapishi na desturi za Wanubi kwa Kiswahili. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp.

"Mwanangu, mjukuu wangu ameniangalizia kwenye kompyuta. Anasema linki yangu umeiwekea alama ya watu wa taka. Kwani mimi nimeuza nini?"

Nikamjibu kwa sauti vilevile, maana mzee huwezi kumwandikia aya. "Shikamoo mzee. Alama ile anawekewa kila mgeni, hata ndugu yangu wa tumbo moja. Inasema tu kwamba maneno yale umeandika wewe, si mimi."

"Basi na wewe sema ya kwako," akaniambia.

Hakuna mtaalamu wa mitambo ya utafutaji aliyewahi kunipa ushauri bora. Nilifungua makala, nikaongeza aya kamili juu ya kisra ya Bombo, nikaeleza mzee alichonisahihisha, na nikaweka kiungo cha ukurasa wake katikati ya sentensi yangu mwenyewe, bila alama yoyote. Kile cha kwenye maoni nilikiacha kama kilivyo, na nofollow yake na ugc yake. Sasa kuna viungo viwili, na vyote viwili vinasema kweli. Cha chini kinasema mzee alipita. Cha juu kinasema mimi nimesoma ukurasa wake, nimejifunza, nenda ukasome.

Tangu hapo ndiyo njia yangu. Sichezei alama za maoni, wala sigawi upendeleo wa siri kwenye kodi ambao msomaji haoni. Kiungo kizuri kikiletwa, nakifungua, nakisoma chote, na kikistahili nakipandisha kwenye makala kwa maneno yangu na kwa jina analotaka mleta kiungo. Kazi hii ni ndefu kuliko kubonyeza kitufe, na ndiyo sababu naiamini. Roboti ya kutuma viungo elfu haiwezi kunifanya niandike aya. Na Google hawahitaji kunikisia, kwa kuwa kiungo kilicho ndani ya makala, kimezungukwa na maelezo ya mtu aliyekisoma, hakina utata kuhusu nani anakishuhudia.

Faida nyingine sikuitazamia. Wasomaji wameanza kuleta viungo vyenye maelezo. Zamani mtu alikuwa anatupa anwani tupu na neno "someni". Sasa anaandika ukurasa unahusu nini, wa lini, na kwa nini tuuamini, kwa kuwa anajua nitausoma. Orodha ya ada za kituo cha pamoja cha Busia ililetwa hivyo na wakala mmoja wa forodha, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko ukurasa wenyewe.

Fedha ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Barua za kununua viungo zinakuja kila wiki, nyingi za kamari, kwa Kiingereza cha kubembeleza: tuna makala ya bure kwa ajili yako, tunachoomba ni kiungo kimoja tu, malipo kwa simu siku hiyohiyo. Kiungo cha kulipiwa kina alama yake, sponsored, na hakuna ubishi katika hilo. Nikiwajibu kwamba tangazo nakubali lakini litabeba alama hiyo, asilimia kubwa hawarudi tena, maana walichotaka si wasomaji wangu. Wanaorudi ni wenye bidhaa halisi: mtu wa turubai za malori, mwenye nyumba ya wageni Tororo. Hao nawawekea sponsored kwenye kodi, na juu ya tangazo naandika kwa herufi za kawaida kwamba nimelipwa. Sifa ya rel haionekani kwa macho, na msomaji anayetumia simu ya kawaida hana namna rahisi ya kuikagua. Mwandishi anayemwambia Google ukweli na kumficha msomaji wake, huyo simwelewi. Kamari sichukui hata ikiwa na alama zote tatu. Mtaani kwetu inatosha.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 hadi 18, blogu iliendelea kuwa hewani kwa sababu seva iko ng'ambo. Tuliporudishiwa nilifungua dashibodi nikakuta foleni ndefu ya maoni. Siku zote zile hapakuwa na msomaji hata mmoja wa Uganda aliyeweza kuandika, na bado "Kampala" ilikuwa imejaa tele humo, pete, mikopo na utajiri, kama vile hakuna kilichotokea. Ndipo nilipothibitisha nilichokuwa nashuku kuhusu makazi ya wengi wa hawa jamaa. Facebook haikurudishwa pamoja na mingine, na wasomaji wengi waliokuwa wakijadili makala zangu huko walihamia kwenye maoni ya blogu au wakaendelea na VPN. Kwa hiyo sehemu ya maoni, ambayo wenzetu wengi wa nchi nyingine wameifunga kwa kuichoka, kwangu ilipata uhai mpya.

Sheria nayo, kwa anayeuliza, haisomi rel. Mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano, UCC, iliwataka wanaochapisha mtandaoni wajisajili, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilirekebishwa mwaka 2022. Siku ukiitwa kueleza kwa nini jambo fulani liko kwenye ukurasa wako, nofollow haitakuwa utetezi wa kuanza nao. Hiyo ni sababu nyingine ya kusoma maoni ya mgeni kabla hayajatoka.

Kwa wanaoanza na wanaoniandikia kuuliza, mipangilio yangu ni ya kawaida kabisa. Maoni ya mtu mpya husubiri. Akishapitishwa mara moja, yanayofuata hutoka yenyewe. Maoni yenye viungo viwili au zaidi husubiri hata kama ni ya mwenyeji. Hivyo ndivyo WordPress inavyokuja. Akismet iko kazini. Kisanduku cha "tovuti" kwenye fomu nimekiondoa, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikiwaleta akina Mikopo Nafuu, na kwa msomaji wa kweli hakikuwa na kazi. Mwenye ukurasa wake huutaja ndani ya maoni, pamoja na sababu ya kuutaja. Kama unatumia Blogger, nofollow kwenye maoni inawekwa bila wewe kuombwa, na anwani tupu haigeuki kuwa kiungo mpaka mtu aandike kodi mwenyewe, kwa hiyo nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Ukiwa na kiungo cha forodha, cha bei, cha mapishi, chochote chenye faida kwa mtu wa mpakani, fomu iko hapo chini. Weka kimoja, anwani kamili, na useme kinahusu nini. Ukiweka viwili vitakwama kwenye foleni, na wiki hii niko Malaba hadi Ijumaa.